Kompyuta inafika mtandaoni, lakini haiingiliki

Kitengo chetu cha TEHAMA huitwa mara kwa mara kwa tatizo hili: kompyuta moja inafungua intaneti bila shida na inachapisha, lakini wenzako wakitaka kuchukua faili kutoka kwenye hiyo kompyuta, wanagonga mwamba. Wengi hukimbilia kubadilisha kebo. Kebo haina kosa. Ingekuwa mbovu, hata intaneti isingefunguka.

Nenda kwenye kompyuta ya anayejaribu kuingia, uangalie inavyokataliwa. Jibu la kukataliwa likirudi upesi, ndani ya sekunde mbili tatu, maana yake kwa kawaida ni kwamba hodi imesikika, ila kwenye poti inayotakiwa (mlango wenye namba ambao huduma hupitia) hakuna programu inayosikiliza. Ukisubiri sekunde 20 hivi kisha ukaambiwa muda umekwisha, basi ombi limemezwa njiani, na mshukiwa wa kwanza ni fayawoli, yaani ulinzi unaochuja mawasiliano yanayoingia kwenye kompyuta.

Ikiwa ni kukataliwa, rudi kwenye kompyuta yenye tatizo, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike netstat -an, amri inayoorodhesha poti zinazotumika. Tafuta mstari wenye neno LISTENING na namba ya poti unayoihitaji. Ukikuta 127.0.0.1:80, programu inajisikiliza yenyewe tu. Hakuna wa nje atakayeifikia. Irekebishe kwenye mipangilio yake hadi isomeke 0.0.0.0:80, yaani isikilize na wa nje pia.

Ikiwa ni kimya hadi muda ukaisha, na kompyuta ni ya Windows, tazama mtandao umewekwa kundi gani. Ukiwa Public, Windows huuchukulia kama mtandao wa watu usiowajua na kufunga milango. Kama mtandao ni wenu na mnaaminiana, weka Private. Tafadhali usiizime fayawoli yote, hata "kwa dakika moja tu" (dakika hiyo tumeiona ikigeuka miezi). Ruhusu poti inayotakiwa peke yake: 445 kwa faili, 3389 kwa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Wala usihukumu kwa ping (amri ya kuangalia kama kompyuta nyingine inaitika), kwa sababu Windows inaweza kukataa kuijibu huku huduma nyingine zikifanya kazi.

Hakikisha pia anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) haijabadilika. Ruta, kifaa kinachounganisha kompyuta zenu na intaneti, huweza kugawa nyingine. Ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta kabisa.

Kuna ruta zinazozuia vifaa vya Wi-Fi visionane, hasa kwenye mtandao wa wageni. Hapo utahangaika na kompyuta bure. Mwone anayesimamia ruta.