Je, wajua kwa nini wingi wa ng'ombe si kipimo cha wingi wa bayogesi?

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa yao wamo Kanda ya Ziwa na mikoa inayopakana nayo. Uwezo wa nchi wa kuzalisha bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi na taka zinazooza, unapojadiliwa, hesabu huanzia hapo: idadi ya ng'ombe huzidishwa kwa kilo za samadi, kilo zikazidishwa kwa lita za gesi, na jibu likawa kubwa la kutamanisha. Hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba samadi ndiyo yenye gesi nyingi kuliko taka nyingine zote, na kwamba samadi iliyopo nchini ndiyo inayopatikana. Zote mbili hazisimami, na ya kwanza inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa imeenea mno.

Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 30 hadi 40 za bayogesi. Kilo moja ya mabaki ya chakula, yaani makoko ya ugali, wali uliolala na maganda ya viazi, huweza kutoa lita 100 au zaidi, na mafuta huzidi hapo kwa mbali. Viwango hubadilika kulingana na unyevu na joto, lakini mpangilio wenyewe haubadiliki. Sababu ni kwamba tumbo la ng'ombe nalo ni mtambo wa bayogesi. Vijidudu vilivyomo humo vimekwisha kuvunjavunja sehemu laini ya majani, mnyama amekwisha kuchukua nguvu yake, na methani iliyopatikana, ambayo ndiyo sehemu ya bayogesi inayowaka, imekwisha kutoka mdomoni kwa kubeua. Kinachoanguka zizini ni maji kwa zaidi ya robo tatu, na katika kile kilichobaki, sehemu kubwa ni nyuzi ngumu zilizomshinda ng'ombe mwenyewe.

Kwa nini basi fundi yeyote wa mitambo hii huanza kwa kudai samadi? Anachokihitaji kwanza ni vijidudu vilivyomo ndani yake, pamoja na uwezo wake wa kuzuia uchachu. Ndani ya tangi lisilopitisha hewa, kazi hufanywa kwa zamu. Makundi ya mwanzo huvunja wanga, protini na mafuta na kuvigeuza kuwa asidi. Kundi la mwisho huzichukua asidi hizo, hasa ile iliyomo katika siki, na kuzigeuza kuwa methani. Makundi ya mwanzo huzaliana upesi na huvumilia mengi, ilhali la mwisho huzaliana polepole, hudhurika likikutana na oksijeni, na hufanya kazi vizuri pale tu kipimo cha uchachu, yaani pH, kinapokuwa karibu na 7 (uchachu ukizidi, pH hushuka).

Mfano wake ni mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, alfajiri ya siku ya mavuno mazuri. Mitumbwi inafika mfululizo na kushusha sangara, wakati gari la barafu ni moja na lina nafasi ile ile ya kila siku. Kadiri mitumbwi inavyoongezeka, ndivyo samaki wanavyorundikana mchangani na kuharibika, na harufu ya wale walioharibika humfukuza hata mnunuzi aliyekuwa njiani. Katika tangi, mitumbwi ni vijidudu vitengenezavyo asidi na gari la barafu ni vile vitengenezavyo methani. Ukimwaga ndoo nyingi za mabaki ya chakula kwa siku moja, asidi hurundikana, pH hushuka, na vijidudu vya mwisho, ambavyo ndivyo pekee vingeweza kuiondoa, hulemazwa nayo. Gesi inayotoka wakati huo huwa kaboni dayoksaidi kwa sehemu kubwa, nayo haiwaki. Samadi huongeza magari ya barafu, na ndiyo maana mchanganyiko wa samadi na mabaki ya chakula hufanya kazi kwa utulivu kuliko mabaki peke yake.

Dhana ya pili huanguka haraka zaidi. Ng'ombe wengi wa Usukuma huchungwa mbugani mchana kutwa, na samadi yao hubaki huko. Ya usiku bomani huchanganyika na vumbi na kukauka. Mtambo mdogo wa familia huhitaji takriban kilo 40 za samadi kila siku pamoja na maji ya kiasi hicho hicho, na mahali ambapo maji hufuatwa kwa ndoo kichwani, mzigo huo haumwangukii mwenye ng'ombe bali mama na watoto. Mitambo ilianza kujengwa nchini miaka ya 1970 kupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ikaendelezwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, na ilikubalika zaidi kwa wafugaji wanaofuga ndani, kama wale wa Kilimanjaro na Arusha.

Magugumaji ya ziwa nayo hutajwa mara kwa mara kuwa chanzo cha bayogesi. Kwa uzito, zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji, hivyo kuyasafirisha mbali na ufuko ni kusafirisha maji.

Kwa Mwanza, nafasi iliyo bora zaidi naiona sokoni, machinjioni na katika majiko ya shule za bweni. Rundo la majani ya kabichi, maganda ya mananasi na ndizi zilizoiva kupita kiasi, ukilichokonoa kwa kijiti siku ya pili, hutoa joto unalolihisi mkononi: ni nguvu inayopotea bure. Tani moja ya mabaki ya aina ya chakula huweza kutoa mita za ujazo 100 za bayogesi, ambazo kwa nishati hukaribia mitungi mitatu ya gesi ya kilo 15. Tani moja ya samadi hufikia mtungi mmoja hivi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazopikia watu wengi ndizo zinazoweza kulisha mtambo kila siku bila kukosa.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa taka ni taka. Mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa, huuzwa na kuliwa, mabondo, yaani vifuko vyao vya hewa, yana bei kubwa, na maganda ya ndizi huchukuliwa na wafugaji wa mbuzi na nguruwe. Utumbo wa samaki unaobaki una naitrojeni nyingi, na ukizidi tangini huzalisha amonia inayodumaza vijidudu vile vile vya mwisho, hivyo huingizwa kidogo kidogo pamoja na taka za mboga.