Lengelenge la buti: linatokeaje, na ulifanyeje

Lengelenge ni kifuko cha majimaji kinachojitokeza ndani ya ngozi baada ya ngozi kuvutwavutwa kwa muda. Wengi hudhani buti ndilo linalokwangua ngozi kwa juu. Huko ni kuchubuka, na lengelenge lina chanzo chake. Weka ncha ya kidole mgongoni mwa mkono wako, bonyeza, kisha kisogeze mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakwenda na kidole, mfupa unabaki palepale. Kisiginoni mambo ni hayohayo: kila hatua mfupa unapanda na kushuka, ngozi ya nje imenata kwenye soksi, na tabaka za katikati zinavutwa hadi zinaachana. Mwanya ukishapatikana, majimaji yanaujaza.

Kwa hiyo buti linalopwaya linaweza kukuumiza sawa na linalobana, kwa sababu mguu unacheza ndani yake. Saidia fundi aliyepewa sefti buti za saizi iliyobaki stoo, au mlinzi anayezunguka geti usiku kucha kule Masaki, analijua hili vizuri.

Kinachozidisha ni unyevu. Ngozi yenye jasho hunata kuliko ngozi kavu, na Dar mguu uliofungiwa ndani ya buti la ngozi nene haukauki. Wakati wa masika ukishakanyaga dimbwi asubuhi, siku nzima umevaa maji. Hapo soksi za pamba tupu hazikusaidii, maana hunywa jasho na kukaa nalo. Afadhali zenye mchanganyiko wa nailoni au polista, au uvae mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili msuguano uishie kati ya soksi na soksi. Beba pea ya kubadilisha mchana. Zinauzwa mpaka vituo vya daladala, hakuna kisingizio.

Ukienda Kariakoo kununua buti, nenda jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na ujaribu ukiwa na soksi utakazovalia kazini. Vidole vipate nafasi mbele, kisigino kisipande. Kamba zikaze zaidi sehemu ya kifundo. Buti jipya livae saa moja mbili nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kulipeleka saiti.

Kabla ya lengelenge kuna onyo: sehemu moja inaanza kuwaka moto. Ukiisikia, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta iliyolala bila mkunjo. Wanaume hasa hupenda kujikaza hapa, na wanalipia jioni.

Likishatokea na ni dogo, liache. Ngozi ya juu ndiyo bandeji nzuri kuliko zote. Chini yake ngozi mpya inaota na majimaji yanarudi mwilini yenyewe. Lifunike tu lisiguswe. Likiwa kubwa, limejaa na linakuzuia kutembea, nawa mikono kwa sabuni, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni kwa chini, kamua polepole, halafu funika kwa kitambaa safi cha kidonda. Ile ngozi usiivute wala kuikata kwa wembe. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa visikaribie. Lenye damu usilitumbue. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, laza ngozi mahali pake, funika, na ubadilishe kitambaa kila kikilowa.

Usaha, wekundu unaotambaa, joto, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mtoki kinenani au homa maana yake vijidudu vimeingia: nenda zahanati siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asitoboe kabisa, hata dogo. Miguu yake huenda imepungua hisia na vidonda vyake huchelewa kupona, kwa hiyo aende akaonwe mapema, na akague nyayo zake kila jioni hata kama hasikii maumivu.