Polietilini: plastiki ya sashe, bidoni na shitingi

Polietilini ni plastiki iliyoundwa kwa kaboni na haidrojeni tu, zilizoungana katika minyororo mirefu mno. Njia ya kuitengeneza kiwandani iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI. Hapa Goma tunashinda nayo: sashe ya kubebea sombe sokoni Virunga, bidoni la manjano la lita 20 linalopandishwa kutoka ziwani kwa chukudu, kigari chetu cha mbao cha kusukuma, shitingi iliyofunika vibanda vya waliokimbia vita.

Mbona basi sashe inakunjika na bidoni linasimama? Tofauti iko kwenye mnyororo. Katika polietilini laini mnyororo una matawi mengi, na kuni zenye matawi hazipangiki zikashikana. Nafasi zinabaki katikati, plastiki inakuwa nyepesi na yenye kunyumbulika: gramu 0.91 hadi 0.93 kwa kila sentimita ya ujazo, ikiyeyuka kwenye digrii 110 hivi. Katika ile ngumu ya bidoni minyororo imenyooka, inabanana, na inahitaji karibu digrii 130 kuyeyuka. Zote mbili zinaelea majini, wakati plastiki nyingine, PVC, inazama.

Maji yanayochemka hayaiyeyushi sashe, ila yanailegeza. Ndiyo maana fufu ya moto ikifungwa humo plastiki inagandamana nayo. Mimi kwa chakula cha moto naona jani la mgomba ni bora kabisa.

Chukua sashe uivute polepole kwa mikono miwili. Inarefuka, inakuwa nyembamba, inapauka hadi nyeupe, na ukiiachia hairudi ilivyokuwa, kwa sababu minyororo imeteleza na kukaa mahali papya. Sasa itoboe kidogo kwa ukucha, uvute tena: tundu linafunguka mara moja. Kwenye mawe ya lava yanayokata kama yetu, udhaifu huo ni mkubwa.

Shitingi za misaada zimetengenezwa kwa kuujua udhaifu huo. Chana ukingo wake utaona nyuzi nyeusi zilizofumwa, za polietilini ngumu. Hizo ndizo zinazobeba nguvu. Juu na chini yake kuna tabaka la ile laini, linalozuia maji kupita.

Adui mkubwa wa polietilini ni jua. Mionzi yake inakata minyororo vipande vipande, na huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inachoma zaidi kuliko pwani. Mabomba ya maji ya plastiki hutiwa masizi meusi ya kaboni ili yaizuie mionzi hiyo. Shitingi nayo huwekewa dawa ya kuikinga, lakini dawa huisha. Ikianza kutoa unga mweupe kidoleni na kulia kavu unapoikunja, usihangaike kuishona: kila tundu la sindano litakuwa mwanzo wa mpasuko mwingine. Itandike chini, kivulini, na juu ya paa weka nyingine.