Unapoulizwa Unalala Wapi, Taja Kitongoji

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, watu wengi wa Lindi na Mtwara huhamia mashambani. Anayeishi Nachingwea mjini anakaa miezi kadhaa kwenye kibanda cha shamba upande wa Liwale, na akiugua anatibiwa kwenye zahanati iliyo karibu na shamba. Hapo ndipo malalamiko dhidi ya dirisha la kuandikisha huongezeka. "Nimekuja na homa, naulizwa kitongoji." "Taarifa zangu wanazo tangu mwaka juzi, wanazitaka tena za nini?" Wapo pia wanaoamini kwamba jina na namba ya simu vinapelekwa kwa watu wa kodi, kwa hiyo wanataja jina la jirani.

Naomba tuelewane, kwa sababu maswali yale yana kazi.

Julai 2022, kwenye kata ya Mbekenyera wilayani Ruangwa, walipatikana wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na damu kutoka puani. Vipimo vilionesha hawana Ebola, Marburg wala UVIKO-19. Ilikuwa leptospairosisi, ugonjwa wa bakteria wanaoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na ukatangazwa kwa jina la homa ya mgunda. Hadi Julai 18 walikuwa wamehesabika wagonjwa 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Mtu mmoja kutokwa damu puani hakumshtui mganga yeyote. Watu watatu wenye dalili ileile, waliolala vitongoji jirani, ndani ya wiki moja, lazima wamshtue. Lakini atashtuka pale tu rejesta inapoonesha walikolala. Kila mmoja akijibu "natoka Ruangwa" na kuishia hapo, timu ya wilaya haijui ianze kupita nyumba zipi.

Taarifa husafiri hivi. Kituoni unaandikwa kwenye rejesta ya MTUHA, yaani daftari la mfumo wa taarifa za huduma za afya, au moja kwa moja kwenye kompyuta pale penye GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kutunza taarifa za wagonjwa. Ugonjwa unaotakiwa kutolewa taarifa haraka, kama kipindupindu, unaripotiwa ndani ya saa 24. Mengine yanakwenda kwa wiki. Muhtasari wa mwezi mzima unatakiwa ufike halmashauri kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na huko unaingizwa kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya. Programu hiyo ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nchini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuiandaa. Tangu 2013 inatumika nchi nzima. Kwenye muhtasari huo hakuna jina la mtu. Kinachopanda ni hesabu: watoto wangapi chini ya miaka mitano wamekutwa na malaria, wajawazito wangapi wamefika kliniki, wangapi wamejifungulia kituoni. Nimelirudia hili kwenye mikutano ya vijiji hadi nimechoka, na bado naulizwa kama wizarani wanasoma nani ana kaswende. Hawasomi.

Jina linabaki kituoni, kwa ajili ya matibabu yako wewe. Na kwenye majina ndiko tunakoumia zaidi. Mama mmoja kwenye kitambulisho cha NIDA anaitwa Zainabu, nyumbani ni Somoe, na leba ameandikwa Mama Shaibu kwa sababu aliyemsindikiza ndivyo anavyomwita. Kompyuta inaona wanawake watatu. Kadi ya kliniki ya mmoja inasema aliwahi kujifungua kwa upasuaji; faili la mwingine halisemi kitu. Siku anarudi na uchungu usiku wa manane, muuguzi anafungua faili lisilosema kitu. Kwa hiyo tumia jina moja, lilelile la kitambulisho, kila kituo, kila mara. Na usichukue faili jipya kwa kuwa namba ya zamani umeisahau. Taja jina na tarehe ya kuzaliwa, watakutafutia.

Kuazimana kadi za bima nalo ni jambo ambalo watu hulichukulia kama msaada kwa ndugu. Ni kosa, na ni hatari: majibu ya damu na dawa za ndugu yako yanaandikwa kwenye historia yako.

Chanjo zina mkasa wake. Zahanati moja inaweza kuonesha imechanja watoto zaidi ya asilimia 100 ya walengwa, na ya jirani ikaonekana imelala, kumbe akina mama wamehama na watoto wao kufuata mikorosho. Makadirio ya walengwa yanatokana na sensa, ile ya 2022 iliyohesabu watu 1,194,028 Lindi na 1,634,947 Mtwara, nayo inamhesabu mtu alikokuwa usiku wa sensa. Mkitaja mnakotoka na mnakolala sasa, tunajua chanjo zipelekwe wapi. Msipotaja, chupa zinabaki kwenye jokofu la kijiji kisicho na watoto.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU, naongea kwa heshima kubwa. Najua kwa nini mtu anaacha CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ya kwao na kwenda kuanza upya mbali, akisema hajawahi kupima. Lakini kituo cha kwanza kinamtafuta kama aliyepotea, na cha pili kinamwanzishia dawa bila kujua alizozitumia awali. Omba barua ya uhamisho. Ni haki yako, na sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri yako kote unakokwenda.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Mtumishi anayezitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni taasisi, faini ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Anayezifuta au kuzibadilisha bila mamlaka: hadi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Mtandao kukatika si sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Rejesta za karatasi zipo kwa ajili hiyo, na taarifa huingizwa baadaye. Ukirudishwa, muone mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, siku hiyohiyo. Asipokusikiliza, nenda kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, kisha kwa Mganga Mkuu wa halmashauri. Ukiona siri yako imetolewa, unaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kurekebisha jina au umri uliokosewa, fika mapokezi na kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa. Asiye navyo aende na barua ya mtendaji wa kijiji. Njoo na kadi zako zote za zamani, hata zilizochanika, ili mafaili yaunganishwe kwa pamoja.