Nesi akishtakiwa, leseni haifi siku hiyo hiyo

Kuna hii imani ya miaka mingi, kwamba mgonjwa akimlalamikia nesi basi leseni imekwenda, na upande wa pili ndugu wa wagonjwa wanasema hamna lolote, manesi wanalindana, atahamishwa wodi tu yaishe. Zote mbili si kweli bana.

Kwa Tanzania, mwajiri ni kitu kingine na Baraza la Uuguzi na Ukunga ni kitu kingine. Hospitali inaweza kukuhamisha au kukufukuza kazi, ila leseni haiigusi, hiyo ni ya Baraza chini ya sheria ya 2010. Baraza nalo haliamki tu likafuta jina, lazima upelekewe tuhuma ujue unashtakiwa nini, ujibu, usikilizwe, na adhabu zina ngazi, kuna onyo, kuna kusimamishwa, kufutwa kwenye rejista ndo mwisho kabisa.

Sasa kinachookoa watu hapo ni faili la mgonjwa, tena kuliko mdomo. Ukiandika "mgonjwa anaendelea vizuri" usiku mzima hujaandika kitu. Andika: saa 4:10 usiku presha 160/110, dokta kapigiwa hajapokea, kapigiwa tena 4:25, kaja 4:40, halafu saini. Umekosea? Piga mstari mmoja maandishi yasomeke, weka saini, usipake ile wino nyeupe maana inaonekana unaficha hata kama hufichi. Na malalamiko mengi, kusema ukweli, yanaanzia kwenye majibu ya mkato tu, ndugu kauliza mara tatu kapewa mgongo.