Treni ya Chini ya Ardhi au Reli Nyepesi? Mjadala wa Scarborough na Gharama Yake

Jiji linapokusudia kupeleka reli katika kitongoji kilicho mbali na katikati ya mji, swali linalotangulia mikutanoni huwa ni la chombo: tupewe treni ya chini ya ardhi au reli nyepesi? Kwa wapangaji wa usafiri, hilo linapaswa kuwa miongoni mwa maswali ya mwisho. Kabla yake inabidi ijulikane abiria ni wangapi katika saa yenye msongamano mkubwa kabisa, wanatoka wapi na kwenda wapi, njia itatengwa na magari mengine au itachangia barabara, na ni nani atakayelipia uendeshaji baada ya utepe kukatwa. Mjadala wa Scarborough, upande wa mashariki wa jiji la Toronto nchini Kanada, unaonyesha yanayotokea maswali hayo yanapoachwa nyuma.

Jina la treni ya chini ya ardhi ni la mazoea tu, kwa kuwa sehemu ndefu za njia za Toronto zinapita juu ya ardhi. Kinachoitofautisha ni kwamba haikutani kabisa na magari wala waendao kwa miguu, treni zake ni ndefu na hufuatana kwa dakika mbili au tatu, hivyo njia moja inaweza kubeba watu wapatao 30,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Reli nyepesi hutumia mabehewa madogo zaidi yanayoweza kupita katikati ya barabara, kupanda daraja, au kuingia handakini panapolazimu. Uwezo wake hutegemea sana namna ilivyotengwa: ikipita kwenye makutano mengi hubeba watu elfu chache kwa saa, na ikipewa njia yake pekee huweza kukaribia 15,000. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua kanuni hii bila kufundishwa, maana kilicholeta nafuu katika mabasi yaendayo haraka ni njia yake maalumu kuliko basi lenyewe.

Scarborough ina wakazi zaidi ya 600,000. Mwaka 1985 ilifunguliwa huko njia fupi ya vituo sita, yenye urefu wa kilomita 6.4, kuanzia kituo cha Kennedy ambako treni ya chini ya ardhi ilikomea. Awali ilipangwa iwe ya magari ya reli ya kawaida, lakini serikali ya jimbo la Ontario ilishinikiza itumike teknolojia mpya ya shirika lake yenyewe. Teknolojia hiyo ilisumbuliwa na theluji na barafu, na abiria walilazimika kupanda na kushuka ngazi kadhaa pale Kennedy ili kubadilisha treni. Wakazi waliposema baadaye kwamba wamechoka kufanyiwa majaribio, walikuwa na haki. Hisia hiyo ya kupewa kilicho hafifu ndiyo iliyoendesha mjadala uliofuata kuliko hesabu yoyote.

Mwaka 2007 Meya David Miller alitangaza mpango wa njia saba za reli nyepesi katika jiji zima, na pamoja nao ukaja mpango wa kuibadilisha njia chakavu ya Scarborough iwe reli nyepesi ya vituo saba. Desemba 2010 Meya mpya, Rob Ford, alitangaza siku yake ya kwanza kazini kwamba mpango huo umekwisha, akitaka treni za chini ya ardhi pekee. Baraza la jiji lilimpinga mwaka 2012 na kurudisha reli nyepesi, ambayo kwa Scarborough ingelipiwa na serikali ya jimbo. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 2013, baraza hilohilo liligeuka na kupitisha kwa kura 24 dhidi ya 20 kurefusha treni ya chini ya ardhi kwa vituo vitatu, huku wenye majengo wa jiji zima wakiongezewa kodi ili kuichangia.

Katika kelele hizo lilipotea jambo moja la msingi. Wapinzani wa reli nyepesi waliielezea kama tramu itakayoziba barabara na kusimama kwenye kila taa. Maelezo hayo yangefaa kwa njia nyingine za mpango wa Miller. Kwa hii hayakufaa hata kidogo, kwa sababu ilikuwa ipite katika ushoroba wa reli iliyokuwapo, imetengwa kabisa na magari. Kwa abiria aliyeketi ndani, tofauti kubwa na treni ya chini ya ardhi ingekuwa kubadilisha chombo pale Kennedy, kazi ambayo ilipangwa kurahisishwa. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja ya kweli: ujenzi wa reli nyepesi ungelazimu njia ya zamani ifungwe kwa takribani miaka mitatu, na abiria wahamie mabasi. Treni ya chini ya ardhi ingepita kwingine, na ile ya zamani ingeendelea kufanya kazi.

Hesabu za abiria ziliunga mkono reli nyepesi. Mwaka 2013 ilikadiriwa kwamba katika sehemu yenye watu wengi zaidi wangesafiri kati ya 9,500 na 14,000 kwa saa. Mwaka 2016, kituo kimoja tu kilipopendekezwa badala ya vitatu, makadirio yalishuka hadi 7,300. Ni robo hivi ya uwezo wa treni ya chini ya ardhi. Toronto ilikwisha kuionja hali hiyo katika njia ya Sheppard, iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa takribani dola za Kanada bilioni moja, vituo vitano katika kilomita 5.5, ambayo kwa miaka mingi imebeba abiria wachache kuliko inavyoweza.

Pendekezo la kituo kimoja lilitokana na gharama. Katika handaki, kituo ndicho kinachokula fedha: shimo refu, ngazi za umeme, lifti, mitambo ya hewa, milango ya dharura. Ukipunguza vituo unaokoa, ila mkazi aliye katikati ya njia anasikia treni ikimpita chini ya nyumba huku yeye akisubiri basi. Mwaka 2013 mradi wa vituo vitatu ulikadiriwa dola bilioni 3.56; kufikia 2017 kituo kimoja pekee kilifikia bilioni 3.35, mwaka 2019 serikali ya jimbo chini ya Doug Ford, nduguye Rob, iliuchukua mradi, ikarudisha vituo vitatu na kutaja bilioni 5.5. Ujenzi ulianza mwaka 2021.

Njia ya zamani haikusubiri. Julai 2023, ikiwa na miaka 38, behewa la mwisho la treni moja liliacha reli na watu watano wakaumia, na jiji likaamua isifunguliwe tena. Kile wapinzani wa reli nyepesi walichotaka kukiepuka, yaani miaka ya kupanda mabasi, kiliwafika abiria hata hivyo, na kwa muda mrefu kuliko ile mitatu.

Mpango wa 2016 ulikuwa na sehemu ya pili ambayo haitajwi sana. Fedha zitakazookolewa kwa kufuta vituo viwili zilikuwa zijenge reli nyepesi ya vituo 17 kutoka Kennedy hadi kampasi ya Chuo Kikuu cha Toronto iliyopo Scarborough, ikipita mitaa yenye kipato cha chini ambayo treni ya chini ya ardhi haiigusi. Ndani ya miezi michache makadirio ya handaki yalipanda na fedha hizo zikamezwa. Handaki linachimbwa, na wanafunzi wa kampasi hiyo bado wanakwenda kwa basi.