Afande akivua magwanda: maana ya kubadili fikra za kambini

Kubadili fikra za kambini ni kazi inayomkabili polisi au mwanajeshi mstaafu anapopewa walinzi wa kampuni awasimamie. Haimaanishi asahau aliyofunzwa. Maana yake ni kwamba amri zake sasa zinatokana na mkataba wa mteja, si mamlaka ya serikali, na kila mazoea ya zamani yapimwe hapo.

Wengi huteleza kwenye kukamata. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2016 ya ulinzi wa kibinafsi inamruhusu soja, yaani mlinzi wa kampuni, kukagua wanaoingia na kutoka lindoni, lakini kwa kukamata anategemea zaidi haki aliyo nayo raia yeyote. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinamruhusu kumshika anayemwona akitenda kosa ambalo polisi wangemkamatia bila hati ya kukamata, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa. Kifungu cha 35 kinataka mtu huyo akabidhiwe polisi bila kuchelewa.

Tuseme kijana amenaswa mlangoni pa supamaketi mjini Kisumu na pakiti mbili za maziwa ya unga hajazilipia. Mpelelezi wa zamani atataka kumfungia stoo amhoji mpaka awataje wenzake. Hapo kampuni imejitia kitanzi, maana kumfungia ili ahojiwe ni kumzuia isivyo halali, na kofi moja tu ni shambulio. Kinachotakiwa ni kifupi: piga simu kituo cha polisi, andika saa kwenye OB (daftari la matukio ya lindo), weka zile pakiti kando, chukua majina ya mashahidi na uhifadhi picha za kamera kabla mashine haijazifuta. Kuhoji ni kazi ya polisi.

Kisha kuna walinzi wenyewe. Soja akikutwa amelala saa tisa usiku, kambini angerushwa kichurachura. Huku ni mwajiriwa, na Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aelezwe kosa lake na asikizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu. Halafu uliza kwa nini alilala. Mara nyingi wa kumpokea hakufika, soja akaunganisha zamu mbili, kila moja ya muda wa saa kumi na mbili. Hilo ni kosa la ratiba, na ratiba ni yako.

Gwaride la dakika kumi kabla ya zamu libaki: tochi iwashwe, redio ijaribiwe, OB isomwe kwa sauti. Ila maagizo ya lindo yaandikwe upya. "Dumisha ulinzi wa geti" haimwambii mtu chochote. Kwenye ghala la Nakuru andika hivi: "Lori la maziwa huingia saa kumi na moja alfajiri, hesabu kreti, linganisha na hati ya mzigo, dereva atie sahihi." Karatasi moja, kwa lugha ambayo soja anaisoma bila taabu.

Mteja naye si afande wa kupigiwa saluti na kufichwa aibu za kikosi. Kreti zikipungua, aambiwe siku hiyo hiyo, kabla karani wake hajagundua.